Siku Miti ya Ngobyi Ilipokwenda Sokoni

Jumamosi, tarehe 18 Julai 1959, kijiji cha Nyakabere kiliamka kikiwa na shangwe ambayo hata Noeli haikuwahi kuileta. Wanaume walinyoa ndevu siku isiyokuwa ya Misa. Walivaa mashati yaliyopigwa pasi, wakapanga mstari mbele ya kapela huku wakisukumana na kutaniana kama vijana wanaokwenda kuposa. Mbele ya mstari, juu ya miti miwili mirefu, kitambaa cheupe cha amerikani kilikuwa kikipepea, nacho kilibeba maneno mawili ya rangi ya bluu: TULIZALIWA HAPA.

Apollinarie alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, mikono imejaa unga wa muhogo, akizitazama zile herufi kumi na nne. Tuseme kweli: alikuwa anatabasamu. Bonaventure fundi cherehani ndiye aliyepinda kingo za kitambaa, lakini herufi zilikuwa kazi ya mkono wa Apollinarie. Miaka miwili nyuma asingeweza kuandika hata moja. Alijifunza katika darasa la akina mama, Jumanne na Alhamisi, kwenye mabenchi ya kapela, mbele ya Mwalimu Sabine ambaye hakuwa na huruma kwa herufi iliyolala. Leo herufi zake zilikuwa zimesimama wima, zinakwenda kutazamwa na soko zima.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumjibu Léopold. Huyo Léopold alikuwa mtu mmoja mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Tangu mwaka huo uanze, watu walipopata ruhusa ya kukutana na kusema hadharani, kila Jumamosi alipanda juu ya sanduku la sabuni katika soko la barabarani, pale magari ya Bukavu yanapopita, akatangaza kwamba wote wanaosema Kirundi katika bonde lile ni wageni, na kwamba wafungashe mikeka yao warudi ng'ambo ya mto mkubwa wa mpakani, Ruzizi. Nyakabere kilikuwa kijiji cha nyumba arobaini na mbili zinazosema Kirundi, katikati ya vijiji vya majirani wanaosema lugha nyingine. Kwa hiyo maneno yale hayakuwa mchezo. Apollinarie alizaliwa Nyakabere, na mama yake alizikwa nyuma ya kapela ile ile. Jumamosi moja mwishoni mwa Mei, alipomsikia Léopold, yeye mwenyewe aliweka kikapu chini akamjibu kwa makelele mpaka koo likakauka.

Siku hiyo alirudi nyumbani bila chumvi aliyokwenda kununua. Lakini kilichomsumbua baadaye hakikuwa chumvi. Chini ya kikapu kile alikuwa amebeba barua ya kupelekwa ofisini, na barua ile aliisahau kabisa.

Barua hiyo aliiandika mwenyewe mwezi wa Mei, juu ya karatasi yenye mistari, akaifuta na kuianza upya mara nne. Ilikuwa inaomba mambo mawili katika ofisi ya teritwari, yaani ya serikali ya eneo lile: daraja la miguu juu ya mto unaoitenga Nyakabere na barabara, na mzalishaji mmoja aliyesomea kazi yake. Sababu yake ilikuwa Marie-Rose, aliyekaa naye benchi moja darasani. Mwezi wa Machi, mvua zilipokuwa zimejaza mto, Marie-Rose alishikwa na uchungu. Walimfikisha ukingoni, wakangoja maji yashuke kutoka asubuhi mpaka jua likapinda. Maji hayakushuka. Marie-Rose aliondoka duniani na mtoto wake tumboni, huku barabara ikionekana upande wa pili, na kamyo za mizigo zinapita.

Kisha akaambiwa kwamba ofisi haitaipokea barua yenye jina la mwanamke mmoja. Zilihitajika alama za vidole vya wenye nyumba. Mara tatu wanaume walikutana kwa ajili ya barua ile. Mara ya kwanza Bonaventure aliingia na habari ya tusi jipya la Léopold, wakalijadili tusi mpaka kuku wakaingia bandani. Mara ya pili walitunga majibu. Mara ya tatu walichangia kitambaa cha amerikani. Na kila mara Apollinarie alirudisha barua yake chini ya mto wa kulalia, bila alama ya kidole hata moja.

Sasa alipangusa mikono yake akausogelea mstari. Mumewe, Ndihokubwayo, mtu mrefu mwenye maneno machache, ndiye aliyekuwa ameshika mti wa kushoto. Apollinarie aliutazama mti ule kuanzia juu hadi chini, tabasamu likapungua.

"Baba Rénovat," alisema, "hii si miti ya ngobyi?"

"Ndiyo hiyo," mumewe alijibu, bila kumtazama sana. "Katika bonde hili lote la pamba na mpunga, iko miti gani mingine iliyonyooka hivi?"

Anayesoma mbali na kwetu anahitaji kuambiwa. Ngobyi ni kitanda cha kusukwa, kimekunjika kingo kama mtumbwi, ambacho mgonjwa hulazwa ndani yake akapelekwa kwa waganga. Miti miwili hupitishwa katika vitanzi vya kamba pembeni, na wanaume wanne huiweka mabegani. Kila nyumba hutoa bega lake. Asiyebeba wenzake hana wa kumbeba. Ndihokubwayo alikuwa mkuu wa ngobyi, na miti ile, iliyolainishwa na mabega ya baba na babu, hulala juu ya dari yake bila kufanya kazi nyingine yoyote. Haianikiwi nguo. Haisukumi ng'ombe. Ndivyo ilivyokuwa mpaka asubuhi ile.

"Na muntu akiugua leo?"

"Augue kesho!" Bonaventure alidakia, na mstari mzima ukaangua kicheko. Fundi alikuwa amevaa viatu vipya vyeusi vilivyong'aa kama macho ya samaki. "Leo tunamfunga Léopold mdomo, Mama Rénovat. Jioni miti iko darini."

"Na barua? Mulisema leo mutaweka vidole kabla ya kwenda."

"Barua yako haina miguu, haitakimbia." Hapo Bonaventure aliacha mzaha, akasema kwa upole, kama anayemweleza dada yake. "Ona, mama. Huyu muntu anataka kututupa ng'ambo ya mto mkubwa, nawe unatuletea habari ya mto mudogo. Wakitufukuza, nani atapita juu ya hilo daraja lako?"

Swali lile lilikuwa na uzito, na halikusemwa na mjinga. Mstari uliondoka kwa wimbo na vigelegele, kitambaa kikapepea juu ya mashamba ya pamba, naye Apollinarie mwenyewe akapiga kigelegele kimoja kwa sababu herufi zilikuwa nzuri. Kisha akarudi kwenye unga wake, na swali la Bonaventure likarudi naye.

Jua lilikuwa halijafika utosini aliposikia mtungi ukipasuka nyuma ya nyumba.

Spès, mke wa mwanawe Rénovat, alikuwa amepiga magoti juu ya vigae na maji, mikono yote miwili imeushika ukuta. Rénovat alikuwa mbali, akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Kalundu. Siku za Spès za kujifungua zilikuwa hazijatimia. Zilibaki wiki tatu kwa hesabu ya wanawake.

"Mabukwe," alimwita mama mkwe wake kwa sauti nyembamba, "nafikiri ameamua."

Walimwita bibi Ernestine, mzalishaji wa kijiji, aliyewapokea watoto wa Nyakabere tangu wakati ambao waliokuwa sokoni hawajaota meno. Bibi aliingia akiimba. Baada ya dakika chache wimbo ulikatika. Alitoka mlangoni akamvuta Apollinarie kwa kanga.

"Mguu," alinong'ona. "Ametanguliza mguu mumoja, na mwingine umekunjwa. Miye huyu simugusi. Huyu ni wa dispanseri, na ni wa sasa hivi. Muite Baba Rénovat na mabega yake."

"Wako sokoni."

"Wote?"

"Wote, bibi. Hata mlinzi wa ng'ombe za padri."

"Basi lete ngobyi, tutafute wazee wawili watatu..."

Lakini Apollinarie alikuwa tayari amekwenda mbio, amepanda ngazi, amechungulia darini. Ngobyi ilikuwepo, imetundikwa pale pale, safi, vitanzi vyake vinne vikining'inia wazi. Aliishusha akaikumbatia. Ilikuwa nyepesi sana bila miti.

Wanawake walikuwa wameshajaa uani. Mmoja aliingiza michi ya kutwangia, ikawa mifupi. Mwingine alikimbia na fito za paa, zikakatika kabla hata mtu hajapanda. Bibi Ernestine alizitupa pembeni.

"Tushike kingo kwa mikono!" alisema. "Wanane, wanne huku na wanne huku."

"Lakini bibi," mmoja wao alisema kwa woga, "kwetu mwanamuke habebi ngobyi. Ni mila."

"Mila imekwenda sokoni pamoja na waume wenu," bibi alimjibu. "Ikirudi, muniite nitaomba radhi. Beba!"

Wakabeba. Oo, wakabeba kweli! Wanane walishika kingo kwa vidole, wanane wengine wakakimbia pembeni kupokea zamu, na Spès katikati akijikunja na kujikunjua, akiuma kipande cha kanga ili asipige kelele. Walipita kwenye tuta la mpunga, miguu ikiteleza, wakahesabu hatua kwa sauti moja. Kila hatua hamsini walibadilishana. Apollinarie alikimbia mbele akiondoa mawe njiani. Barua alikuwa ameifunga katika pindo la kanga, hakujua hata yeye ni kwa nini aliichukua. Labda ni kwa sababu aliiweka chini ya mto wa kulalia, na mto huo ndio alioutoa kumwekea Spès kichwani.

Walipofika mtoni wakasimama.

Ilikuwa kiangazi, maji yalikuwa machache. Lakini machache ya mto ule yalifika kiunoni, nayo yalikuwa na haraka. Chini kulikuwa na mawe ya mviringo. Wanaume huinua miti juu ya mabega, na ngobyi hupita juu ya maji bila kulowa. Kwa mikono iliyoshika kingo, ngobyi ingeelea, ingejaa, ingepinduka. Kila mwanamke aliyekuwa pale alipaona mahali pale jinsi palivyokuwa mwezi wa Machi, na kila mmoja alitazama jiwe lile ambalo Marie-Rose alilazwa kando yake.

Kutoka ng'ambo, upepo ulileta makelele ya soko. Watu walikuwa wanashangilia kitu.

"Mwekeni kivulini," Apollinarie alisema. "Spès, mwanangu, unanisikia? Nakwenda kuchukua miti yetu. Usisukume. Hata akikuambia sukuma, mwambie angoje bibi yake."

Spès alicheka kidogo katikati ya maumivu. "Kimbia, mabukwe."

Alijifunga kanga juu ya mapaja, akaingia majini, akatokea ng'ambo amelowa mpaka kifuani, akakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto saba, alikimbia kama aliyeibiwa! Njia ya robo saa aliimaliza kabla jasho halijachanganyika na maji.

Sokoni hakuna aliyekuwa ananunua. Watu walikuwa wamejaa kutoka ukuta hadi ukuta na kuifunika barabara. Upande mmoja Léopold alikuwa juu ya sanduku lake la sabuni, mishipa ya shingo imesimama. Upande mwingine Bonaventure alikuwa juu ya pipa, viatu vinang'aa. Katikati yao kamyo ya mchele kutoka Luberizi ilikuwa imekwama, na dereva wake, Firmin, alikuwa akipiga honi bila mtu kumsikia. Juu ya magunia yake alikaa mama mmoja mnene wa Uvira, Honorine, muuza samaki wadogo waitwao ndagala, aliyekuwa akirudi ziwani na makapu matupu.

"Wageni hawana kaburi hapa!" Léopold alipaza sauti.

"Kaburi la babu yangu lina majani kuliko kichwa chako!" Bonaventure alirudisha. Watu wa Nyakabere walirusha kofia juu. Upara wa Léopold uling'aa, na hata baadhi ya watu wake walificha vicheko.

"Mwambieni huyo fundi ashone suruali, si maneno!"

Mtu mmoja wa Léopold, mrefu mno, aitwaye Damien, alikuwa akipiga debe kwa kijiti kila mkuu wake alipomaliza sentensi. Ilikuwa inasisimua, ndugu msomaji, haifai kudanganya. Hata Apollinarie, amelowa na pumzi imekwisha, alihisi masikio yake yakitaka kusimama asikilize jibu litakalofuata.

Hakusimama. Alipenya kwa viwiko mpaka chini ya kitambaa, akashika mti wa kushoto kwa mikono miwili.

"Baba Rénovat. Nipe mti."

Ndihokubwayo aliinamisha uso, akamwona mkewe anachuruzika maji. "Kumetokea nini?"

"Spès. Mtoto ametanguliza mguu. Ngobyi iko mtoni bila miti."

Juu ya pipa Bonaventure aliona kitambaa kinayumba. "Mama Rénovat! Weye unafanya nini? Unatuaibisha mbele ya adui! Inua juu!"

Ndihokubwayo hakuinua. Mkuu wa ngobyi, mwana wa mkuu wa ngobyi, alikuwa ameushika mti ule tangu asubuhi kwa ajili ya maneno. Aliulaza begani, akauvuta kwa nguvu, na kitambaa cha amerikani kikachanika katikati kwa mlio uliosikika soko zima. TULIZALIWA ikabaki upande mmoja. HAPA ikaanguka juu ya kichwa cha Apollinarie.

Watu wakageuza shingo.

Kisha Léopold akacheka. "Munaona? Munaona, ndugu zangu? Hata kitambaa chao kinawakataa! Hata wanawake wao..."

"Léopold!" Sauti ilitoka juu ya kamyo. Honorine alikuwa amesimama juu ya magunia, mikono kiunoni. "Funga huo mdomo muda kidogo, nzi wanataka kupumzika. Mama, sema tena. Nani iko mtoni?"

Apollinarie aligeuka. Kelele za umati aliwahi kuzipiga, lakini hakuwa amewahi kusikilizwa peke yake na watu kumi, seuze mia tatu. Kipande cha kitambaa kilikuwa bado kichwani mwake.

"Mke wa mwanangu," alisema, kisha akapaza sauti. "Mke wa mwanangu amelala ukingoni, mtoto ametoka mguu. Ni pale pale alipofia Marie-Rose mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu mulikuwa wapi? Mulikuwa hapa hapa, munatukanana! Na ninyi wa upande huu," alimgeukia Léopold na watu wake, "mto ule unapita kwenu kabla ya kufika kwetu. Wake zenu wanavukia wapi?"

Debe la Damien lililia mara moja, kwa sababu lilikuwa limemdondoka mkononi.

"Firmin," Honorine alimwambia dereva, "weka gari tayari kwa Uvira, usizime."

"Mama, kamyo hii ni ya mchele, si ya wazazi!"

"Na weye ulizaliwa na mchele? Sogeza magunia!"

Ndihokubwayo alikuwa ameshaondoka. Mti begani, mwenzake na mti wa pili nyuma yake, na nyuma yao wanaume wa Nyakabere wote kwa mbio, na Bonaventure akiruka kutoka juu ya pipa ili asiachwe. Na watu ni watu: mkutano ukikimbia, mkutano mwingine nao hukimbia. Nusu ya watu wa Léopold walifuata, wengine kusaidia, wengine kutazama tu, na wengi hawakujua ni lipi kati ya hayo. Vumbi lilipanda. Léopold alibaki juu ya sanduku akimhutubia kuku mmoja.

Mtoni bibi Ernestine alikuwa akiimba tena, sasa kwa ukali, kama anayemgombeza mtoto asitoke. Miti ilipita katika vitanzi, mikono ile iliijua kazi. Ndihokubwayo alishika mbele kushoto. "Moja, mbili, tatu..." Bega la nne lilikuwa la Bonaventure, aliyejisukuma mwenyewe mahali pale. Labda aibu ilikuwa inamwunguza. Wakainua. Spès alipanda juu ya vichwa vya watu, juu ya maji, chini ya jua.

Hatua ya kwanza. Ya tano. Katikati ya mto, pale maji yanapovuta, Bonaventure alikanyaga jiwe. Hakuna mtu wa Nyakabere anayevuka mto ule na viatu. Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Lakini fundi alikuwa amevivaa kwa ajili ya pipa, na katika mbio zile alisahau kwamba yuko navyo miguuni. Soli mpya iliteleza kama sabuni. Fundi akazama mpaka kofia, na pembe moja ya ngobyi ikashuka kuelekea maji.

"Yooo!" wanawake walipiga yowe.

Haikugusa. Mkono mrefu ulikuwa umeudaka mti kutoka upande wa chini, kisha bega likaingia chini yake. Alikuwa Damien. Hakuna aliyemwona alipoingia majini. Alitazama mbele, meno yameumana, akasema kwa Kiswahili cha sokoni, "Twendeni. Hapa kati usisimame. Miye ninapajua hapa."

Baadaye ndipo walipopata kujua kwamba alipajua kweli. Dada yake alivukia pale masika ya mwaka uliotangulia, na hakufika.

Wakatoka ng'ambo. Wakakimbia na ngobyi mpaka barabarani bila kubadilishana, na umati uliokuwa umeziba njia ulifunguka wenyewe. Honorine aliwapokea juu ya magunia ya mchele. "Taratibu, taratibu, mayai hayo!" Apollinarie na bibi Ernestine walipanda. Firmin aliondoa gari kwa haraka ambayo mwenye mchele asingeipenda.

Saa kumi kasorobo, juu ya meza ya dispanseri, mtoto alimaliza kutoka, mguu mmoja kisha wa pili kisha kichwa. Alikaa kimya kwa muda ambao Apollinarie hapendi kuusimulia. Kisha akalia. Ilikuwa sauti kubwa, ya hasira, sauti ya mtu aliyecheleweshwa. Alikuwa msichana. Spès alikuwa amepauka, lakini akanyoosha mikono. Hapakuwa na nguo tayari, mambo yote yalifanywa kwa mbio, kwa hiyo bibi Ernestine alimfunga mtoto kwa kitu cha kwanza alichokiona, nacho kilikuwa kile kipande cha amerikani kilichobaki shingoni mwa Apollinarie. Ndivyo mtoto yule alivyolala saa yake ya kwanza duniani akiwa amevikwa neno HAPA.

Apollinarie alifungua pindo la kanga. Barua ilikuwa uji. Wino wote ulikuwa umekwenda na mto.

Hakulia. Kesho yake baada ya Misa aliketi kwenye benchi la kapela akaiandika mara ya sita, na safari hii mkono haukusita. Wanaume walikuwa wamesimama wamemzunguka, wapole kama waliotoka kuungama. Miti ya ngobyi ilikuwa imekaushwa na kurudishwa darini. Ndihokubwayo aliweka kidole chake wa kwanza, akakikandamiza mpaka karatasi ikakunjika.

Bonaventure alifika mwisho, bila viatu. "Mama Rénovat," alisema, akikohoa, "labda tuongeze mistari miwili mitatu juu ya matusi ya yule mtu. Ofisi ijue."

"Nafasi imekwisha, fundi. Chini yote ni ya vidole."

"Lakini matusi yanauma."

"Yananiuma hata mimi. Nilipiga kelele mpaka nikasahau barua, sikuficha." Aliweka kalamu chini. "Jana asubuhi uliniuliza, wakitufukuza nani atapita juu ya daraja. Nimelifikiri swali lako njia nzima ndani ya kamyo. Nani anayeomba daraja, Bonaventure? Mpita njia haombi. Mpita njia anavuka mara moja na kwenda zake. Anayeomba daraja ni yule ambaye mjukuu wake atavuka hapo. Jibu la Léopold ni hii barua. Weka kidole."

Fundi alikichovya kidole chake katika wino. Akakiweka.

Jumatatu, Apollinarie alipokuwa anakunja karatasi, mbwa walibweka. Damien alikuwa amesimama njiani na wanaume tisa wa kijiji chake, hawajui waingie au wasiingie. "Tumesikia iko barua," alisema. "Vidole vya kwetu vinakubalika?" Ilibidi Apollinarie akaombe karatasi ya pili kwa Mwalimu Sabine.

Jumamosi iliyofuata Léopold alipanda tena juu ya sanduku lake. Watu walikwenda kumsikiliza, tusidanganyane, na hata wa Nyakabere wawili watatu. Maneno yake hayajakwisha makali. Lakini siku hiyo barua ilikuwa tayari imeshapanda kamyo ya Firmin, chini ya kikapu cha Honorine, kuelekea ofisini Uvira, ikiwa na vidole hamsini na viwili. Jibu bado linangojwa, na mvua za Septemba haziko mbali.

Kwa hiyo wewe uliyefika mwisho wa kisa hiki, usikiweke kabatini. Mpe jirani, hasa yule anayekwenda sokoni kila Jumamosi kusikiliza makelele. Asiyejua kusoma, msomee mpaka mwisho, kisha muulize ni mto gani kwao ambao bado hauna daraja.